Toka shule ya kijiji mpaka mazabahuni: kazi ya Waluteri kwa watoto na waseminari huko India

Makanisa ya Kiluteri ya India yako na shule, internati na seminari zenye mizizi inayofika mwaka 1706. Kufundisha watoto na kutayarisha wachungaji ni kazi mbili zilizoanza karibu wakati mmoja, na mpaka leo hazijaachana. Mtoto aliyejua kusoma ndiye alikuwa mwalimu, mwalimu akawa katekista, na makatekista wachache wakafika kuwekewa mikono kuwa wachungaji. Lakini ile njia haikukuwa wazi kwa wote. Tangu mwanzo kuna ulizo moja lenye kurudia: mtoto wa nani anaruhusiwa kufika mpaka mazabahuni? Hapa kuna historia kwa kifupi, ginsi kazi inafanyika, na sheria zenye zinaigusa.

Mwanzo: kuandika ku mchanga pamoja na watoto

Tharangambadi ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Tamil Nadu, kusini-mashariki mwa India. Wazungu waliuita Tranquebar. Kuanzia 1620 ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Denmark, waliojenga pale ngome. Mfalme Frederick wa Nne wa Denmark alitaka kutuma watu wa kuhubiri Injili katika ile koloni, na waliopatikana walikuwa vijana wawili Wajerumani: Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau. Walifika tarehe 9 Julai 1706. Kesho yake Ziegenbalg alitimiza miaka 24.

Wale vijana hawakujua Kitamil hata neno moja. Ziegenbalg alienda kuketi chini pamoja na watoto wa shule ya pale, akajifunza herufi sawa vile wao: kwa kidole, ku mchanga. Nyuma ya muda mfupi aliweza kusoma vitabu vya Watamil wenyewe, na akaanza kuvikusanya.

Wazo la kuanzia kwa watoto lilitoka Halle, mji wa Ujerumani ambako August Hermann Francke alikuwa amejenga shule na nyumba kubwa ya mayatima. Kule mtoto maskini alipewa chakula, nguo, fasi ya kulala na masomo, vyote fasi moja. Tranquebar walifuata mfano ule. Mwaka 1707 shule za kwanza zilikwisha kufunguliwa, na moja ilikuwa ya wasichana, jambo ambalo wakati ule watu wengi hawakulizoea. Masomo yalitolewa kwa Kitamil na kwa Kireno, juu Kireno kilikuwa lugha ya biashara ku pwani.

Wakubwa wa koloni hawakufurahi. Waliogopa kwamba mahubiri yangeharibu biashara na kuchokoza wenyeji. Mwaka 1708 komanda wa ngome alimtia Ziegenbalg buloko, akakaa ndani miezi 4. Alipotoka alirudilia kazi yake.

Vitabu vilikosekana, na kuandika kila kitu kwa mkono kulichukua muda. Marafiki wa Uingereza walituma mashine ya kuchapa, na Halle ikatuma herufi za Kitamil zilizomwagwa kwa chuma. Zile herufi zilikuwa kubwa sana, zilikula karatasi mingi, kwa hiyo watu wa misioni wakamwaga zingine ndogo kule kule Tranquebar. Agano Jipya kwa Kitamil lilimalizika kuchapwa mwaka 1715. Katika miaka ile walijenga pia kiwanda kidogo cha kutengeneza karatasi.

Mwaka 1716 Ziegenbalg alifungua seminari. Ilikuwa ndogo, yenye wanafunzi wachache waliochaguliwa kati ya vijana wa shule, wapate kuwa walimu na makatekista. Hawakuenda Ulaya, walifundishwa kwa lugha yao, karibu na vijiji vyao. Ziegenbalg alikufa mwaka 1719, akiwa na miaka 36.

Aaron, Diogo na Rajanayakkan

Mtamil wa kwanza kuwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kiluteri aliitwa Aaron. Mbele ya ubatizo jina lake lilikuwa Arumugam. Alibatizwa na Ziegenbalg mwaka 1718, akatumika kama mwalimu, halafu kama katekista. Tarehe 28 Desemba 1733 aliwekewa mikono kule Tranquebar. Ilikuwa imechukua miaka 27 tangu siku ya kwanza ya misioni.

Aaron alikuwa mtu wa Vellalar, ukoo wenye mashamba na heshima. Jambo hilo lilikuwa na uzito. India iko na tabaka za kuzaliwa: mtu anazaliwa ndani ya tabaka ya wazazi wake, anaoa ndani yake, na zamani kazi yake pia iliamuliwa nayo. Chini kabisa walikuwa watu ambao wengine walikataa kuwagusa ao kupokea maji kutoka mikononi mwao. Upande wa Tamil Nadu kundi moja kubwa la watu hawa ni Waparaiyar. Leo wao na wenzao wa India nzima wanaitwa Dalit, neno lenye kumaanisha watu waliovunjwa.

Rajanayakkan alikuwa Mparaiyar. Alikuwa askari wa mfalme wa Thanjavur, halafu akawa katekista. Alihubiri ndani ya nchi ambako wamisionere wazungu hawakuruhusiwa kuingia, na watu wengi walifika kwa Waluteri kupitia yeye. Wakati kanisa lilitafuta mchungaji wa pili Mtamil, jina lake lilitajwa. Lakini waliogopa kwamba Wakristo wa tabaka za juu wangekataa kupokea Meza ya Bwana kutoka mikononi mwake. Mwaka 1741 aliyewekewa mikono alikuwa Diogo. Rajanayakkan aliendelea kutumika kama katekista mpaka kufa kwake, mwaka 1771.

Habari hii inaonyesha wazi ginsi misioni ilikuwa. Ilifungua mlango wa shule kwa mtoto wa Mparaiyar, ikamfundisha kusoma, ikamtuma kuhubiri, kisha ikasimama mbele ya hatua ya mwisho. Mambo yalikuwa vile hata ndani ya kanisa: watu wa tabaka mbalimbali waliketi fasi tofauti.

Mgawanyiko huo ulirudi karne iliyofuata. Mwaka 1833 askofu wa Kianglikana Daniel Wilson aliamuru kwamba tofauti za tabaka ziishe ndani ya makanisa yake. Wakristo wengine wa tabaka za juu walikataa, na wengi wao walijiunga na Waluteri wa misioni ya Leipzig, iliyokuwa imepokea kazi ya Tranquebar. Mkubwa wa Leipzig, Karl Graul, aliona tabaka kama desturi ya jamii yenye ingepungua polepole. Ni misioni hiyo ya Leipzig yenye ilianza kazi Kilimanjaro, Tanzania, mwaka 1893. Kwa hiyo Waluteri wa Machame na Moshi wako na undugu wa mbali na wale wa Tamil Nadu.

Guntur na Ranchi

Wakati Tranquebar ilikuwa inazeeka, kazi ilianza fasi zingine. Mwaka 1842 John Christian Frederick Heyer, mtu wa kwanza kutumwa na Waluteri wa Marekani upande wa India, alifika Guntur, katika nchi ya watu wa lugha ya Telugu. Naye pia alianza kwa kufungua shule. Mwaka 1883 alifika Anna Kugler, daktari mwanamke, na kazi yake ilizaa hospitali kubwa ya wanawake na watoto. Mwaka 1885 college ikafunguliwa palepale. Watu walioingia kanisani kwa wingi upande ule walikuwa Wadalit, mara mingi ukoo mzima ao kijiji kizima pamoja.

Kaskazini, ku milima ya Chotanagpur, wamisionere 4 waliotumwa na Johannes Evangelista Gossner wa Berlin walifika Ranchi tarehe 2 Novemba 1845. Kule wanaishi Adivasi, wakaaji wa kwanza wa nchi: Waoraon, Wamunda na wengine. Miaka ya kwanza ilikuwa migumu. Mtu wa kwanza waliyembatiza, mwaka 1846, alikuwa msichana yatima, wakamwita Martha. Watu wazima walingoja mpaka mwaka 1850, wakati Waoraon 4 walibatizwa. Mwaka 1866 seminari ilifunguliwa Ranchi, na mpaka leo inatayarisha wachungaji.

Kwa Wasantal, Lars Olsen Skrefsrud wa Norwei na Hans Peter Børresen wa Denmark walianza mwaka 1867. Skrefsrud aliandika kitabu cha sarufi ya Kisantali mwaka 1873. Namna ileile ilirudia kila fasi: kujifunza lugha, kuandika kitabu, kufungua shule, kutoa walimu, halafu seminari.

Njaa pia iliongeza kazi. Njaa kubwa ya 1876 mpaka 1878 iliua mamilioni ya watu kusini mwa India, na misioni nyingi zilipokea mayatima. Hapo ndipo lawama ya «Wakristo wa mchele» ilipata nguvu: kwamba watu wanaingia dini juu ya chakula. Wamisionere wenyewe walibishana juu ya jambo hili. Lakini kwa yatima aliyekuwa mlangoni, chakula hakikuweza kungoja mabishano yaishe.

Vita iliyowaachia wenyeji kazi

Mwaka 1914 Vita ya Kwanza ya Dunia ilianza. India ilikuwa chini ya Waingereza, na Wajerumani wakawa maadui. Wamisionere wa Ranchi na wa Tamil Nadu walifungwa, kisha wakarudishwa kwao. Shule, internati na makanisa yalibaki. Nani angeyaongoza?

Jibu lilitoka ku seminari. Tarehe 14 Januari 1919 lilitangazwa kanisa la Kiluteri la Watamil, na tarehe 10 Julai mwaka uleule Wakristo wa Ranchi walitangaza kwamba kanisa lao la Gossner linajitawala. Kule Ranchi wachungaji na walimu wenyeji walishika usukani pasipo muzungu wa kuwasimamia. Kusini ilikawia: Waswidi walisaidia, na askofu wa kwanza, mwaka 1921, alikuwa Mswidi, Ernst Heuman. Mtamil wa kwanza kuketi ku kiti cha Askofu wa Tranquebar alikuwa Rajah Manikam, mwaka 1956. Tangu siku Ziegenbalg alishuka kwenye meli, ilikuwa imepita miaka 250.

Internati inatumika namna gani

Kazi kwa watoto leo inafanyika zaidi sana kupitia shule na internati. Kijiji kinaweza kuwa na shule ya msingi, lakini shule ya sekondari iko mbali. Mtoto wa mlimaji asiye na shamba hawezi kulipa basi kila siku, na wazazi wanapohama kutafuta kazi ya mavuno, wanahama naye, masomo yanakatika. Internati inamupa fasi ya kulala karibu na shule, chakula, na mtu wa kumsimamia wakati wa kurudilia masomo mangaribi. Asubuhi kuna sala, kisha wali, kisha shule. Likizo kila mtu anarudi kwao.

Feza za kuendesha zilitoka mara mingi ng'ambo. Mwaka 1959, ku mji wa Duisburg, Wakristo Wajerumani walianzisha shirika Kindernothilfe kusudi ya kusaidia watoto wa India: familia moja ya Ujerumani inalipia mtoto mmoja. Namna hii ilienea. Ilileta msaada wa hakika kwa mtoto aliyepata mlipaji. Ilileta pia shida yake, juu mtoto mmoja anachukuliwa na ndugu zake wanabaki nyumbani. Ndiyo maana, kadiri miaka ilivyopita, mashirika mengi ya namna hii yalianza kusaidia kijiji kizima: vikundi vya wamama, maji, shule ya mchana.

Serikali ya India nayo iko na internati zake kwa watoto Wadalit na Adivasi, na tangu sheria ya 2009 kila mtoto wa miaka 6 mpaka 14 iko na haki ya kusoma bila kulipa. Nayo sheria ya 2015 juu ya ulinzi wa watoto inaomba kila nyumba yenye kulea watoto wenye kuhitaji ulinzi iandikishwe na ikaguliwe. Kwa watoto hilo ni jambo zuri, kwani nyumba iliyofungwa macho ya watu inaweza kuficha maovu, hata ikiwa na msalaba juu ya mlango.

Seminari: nyumba ya mwalimu

Seminari ya Kiluteri yenye kujulikana zaidi iko Chennai, na inaitwa Gurukul. Jina ni la Kisanskriti. Linamaanisha nyumba ya guru, yaani zamani mwanafunzi alihamia kwa mwalimu wake, akatumika pale nyumbani, na akajifunza. Ilianza mwaka 1927. Iko pia seminari ya Ranchi, na ya Nagercoil, ku ncha ya kusini kabisa, iliyoanzishwa mwaka 1924 na misioni ya Waluteri wa Missouri, ambao walianza kazi India mwaka 1895. Kwa Watelugu, Waluteri waliungana na makanisa mengine, na mwaka 1964 wakawa na college moja ya teolojia.

Diploma za Gurukul na za seminari zingine nyingi za Kiprotestanti zinatolewa chini ya Serampore, college iliyoanzishwa mwaka 1818 karibu na Kolkata. Mfalme wa Denmark aliipa haki ya kutoa diploma mwaka 1827, juu mji ule ulikuwa bado wa Denmark. Mwanafunzi anatumwa na kanisa lake, anasoma miaka kadhaa, anajifunza Kigiriki na Kiebrania pamoja na historia ya kanisa. Gurukul wanasoma kwa Kiingereza, kisha mtu anarudi kuhubiri kwa Kitamil, Kitelugu ao Kisantali. Wengi wanapewa vijiji vingi kwa wakati mmoja.

Ni ndani ya Gurukul ambamo, mwishoni mwa miaka ya 1980, Arvind Nirmal aliongoza idara ya teolojia ya Kidalit, kati ya idara za kwanza za namna ile. Ulizo lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: ikiwa Wakristo wengi wa India ni Wadalit, juu ya nini vitabu vya teolojia vinasema kama vile Wadalit hawako? Kisa cha Rajanayakkan, chenye kilionekana kama habari ya zamani, kilipata wasomaji wapya. Leo makanisa kadhaa yanawekea mikono wanawake pia, na waseminari wengi ni watoto waliopitia internati.

Sheria tatu zenye kugusa kazi hii

Ya kwanza ni ya 1950. Leta ya India inatunza nafasi ku shule za juu na ku kazi za serikali kwa watu wa tabaka zilizodharauliwa. Amri ya 1950 ilisema kwamba nafasi hizo ni za Wahindu tu. Masikh waliongezwa mwaka 1956, Wabuddha mwaka 1990. Wakristo na Waislamu hapana. Kwa hiyo mtoto Mdalit wa Guntur akibatizwa, kwa sheria anapoteza ile nafasi, hata kama jirani zake wanaendelea kumuita kwa jina la tabaka lake. Mtoto Adivasi wa Ranchi yeye hapotezi, juu haki za Adivasi hazifuate dini. Mwaka 2007 tume ya jaji Ranganath Mishra iliomba dini isiangaliwe. Mwaka 2022 serikali iliunda tume ingine, chini ya jaji K. G. Balakrishnan.

Ya pili ni juu ya feza za ng'ambo. Sheria ya 2010, iliyokazwa mwaka 2020, inaomba kila shirika lipokee feza kupitia benki moja tu huko New Delhi, lisipitishe feza hizo kwa shirika lingine, na lisitumie zaidi ya asilimia 20 kwa kazi za biro. Kanisa lililozoea kupokea feza na kuzigawia internati ndogo za vijijini haliwezi tena kufanya vile ikiwa internati ni shirika lenye kujitegemea.

Ya tatu ni sheria za majimbo juu ya kubadili dini. Odisha iko nayo tangu 1967, na Jharkhand, jimbo lenye Ranchi, tangu 2017. Zinakataza kubadili mtu kwa nguvu, kwa udanganyifu ao kwa kumvuta na zawadi. Kule Jharkhand adhabu inazidi ikiwa aliyebadilishwa ni mtoto, mwanamke, Mdalit ao Adivasi. Hakuna kanisa lenye kutetea kulazimisha watu. Wasiwasi uko kwingine: sahani ya wali na fasi ya kulala vinaweza kuitwa zawadi ya kuvuta. Lawama ya zamani ya mchele imeingia ndani ya kitabu cha sheria.

Upande mwingine, katiba ya India, katika kifungu cha 30, inawapa watu wa dini zenye watu wachache haki ya kuanzisha na kuongoza shule zao. Sensa ya 2011 ilihesabu Wakristo karibu 27,800,000, yaani asilimia 2.3 ya watu wote. Waluteri ni sehemu tu ya hao.

Mambo yanayobaki

Makanisa ya Kiluteri ya India yanajitawala tangu zamani, na mengi yameungana katika ushirika mmoja wenye biro yake Chennai. Kadiri feza za ng'ambo zinapungua, internati zinategemea zaidi sadaka za wenyeji, na wale wenyeji wengi ni maskini. Wengine waliosoma bure zamani sasa ni walimu, manesi na wafanyakazi wa serikali. Ni kwao makanisa yanageukia. Ku seminari, hesabu ni ileile: hakuna mseminari pasipo mtoto aliyemaliza sekondari, na upande wa vijiji vya mbali hakuna sekondari pasipo fasi ya kulala. Internati moja ikifunga mlango, kanisa litahisi pengo nyuma ya miaka kumi na tano, wakati vijiji vitaomba mchungaji. Mtoto wa mlimaji yeye atahisi mara moja, mwanzoni mwa mwaka wa shule.